AMEPULIZA mirijanano yangu ya kaboni mbele ya kadamnasi! Mzee huyu mnamjua

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, chakula hakipiti. Yule mzee wa maabara ya juu, sina haja ya kumtaja, yule mwenye funguo zote za chuo kiunoni, akitembea utadhani ng'ombe wa kengele anapelekwa mnadani. Leo kanifanyia kitu ambacho shetani mwenyewe angeomba ushauri kwanza.

AMEPULIZA SAMPULI YANGU, unga wa mirija midogo mno ya kaboni.

Angeimwaga ningesamehe. Kafungua kichupa, kachungulia, kasema, "Masizi haya si hata mama ntilie anayo chini ya sufuria?" Kisha kavimbisha mashavu, fuuu! Watu kumi na wanne wanatazama. Miligramu 200, wiki tatu za kukesha na tanuri la nyuzi 700, napitisha gesi ya asetilini juu ya chembe za chuma, umeme ukikatika naanza upya. Zote zimetua kwenye kanzu nyeupe ya mgeni.

Masizi! Masizi ni kaboni iliyokaa shaghalabaghala. Mirijanano ni karatasi ya atomu za kaboni, unene wa atomu moja, zimeshikana pembesita kama wavu wa banda la kuku, halafu imeviringika kama jamvi. Mrija mwembamba una upana wa nanomita 1 hivi, yaani mita moja ukiigawa mara bilioni. Ukakamavu wake unafika gigapaskali 1,000, chuma cha pua kinaishia 200, na bado uzito wake ni kama sehemu moja ya sita ya chuma. Jamvi likiviringika kwa pembe hii linapitisha umeme kama metali, pembe ikibadilika kidogo tu linakuwa nusukipitishi cha kutengenezea transista, vile viswichi vidogo vya umeme ndani ya kompyuta. Atomu zile zile! Mwaka 2019 chuo cha MIT, Marekani, walionyesha prosesa nzima, ubongo wa kompyuta, yenye transista zaidi ya 14,000 za mirija hii. Inachanganywa kwenye elektrodi za betri za lithiamu ili umeme upite vizuri. Yeye anaona masizi, ANAPULIZA.

Tena bila barakoa! Mwaka 2008 panya waliodungwa mirija mirefu tumboni walionyesha madhara kama ya asibesto, yale madini ya nyuzinyuzi yanayoharibu mapafu. Ndiyo maana tunafanyia kazi ndani ya kabati la kuvuta hewa. Fuuu, usoni kwa watu!

Fundi Koleo: Pole mkuu. Ila wiki tatu miligramu 200? Mama ntilie anajaza debe kabla ya saa sita 😂

Mwanzisha uzi: Koleo, usinichezee leo. Kapuliza, unasikia? KAPULIZA.

Binti Kemia: Tuseme ukweli, hata kwenye masizi ya moto wa gesi mirijanano imewahi kuonekana. Mzee kakosea pumzi, kwenye masizi hajakosea sana.

Mwanzisha uzi: Dada, punje mbili za dhahabu kwenye lori la mchanga hazifanyi lori kuwa dhahabu. Yangu niliisafisha kwa asidi siku mbili!

Jongoo Mzee: Mbona hukufunga kichupa? Kitu cha nanomita unakiacha mkononi mwa mtu mwenye mapafu?

Kipanga77: Huyo mwanasayansi Iijima wa Japani aliyeigundua mirija hii 1991 angelia.

Jongoo Mzee: Kugundua kitu gani? Radushkevich na Lukyanovich walichapisha picha zake Urusi mwaka 1952. Iijima ndiye aliyefanya dunia iangalie.

Kipanga77: Haya, sasa kila kitu Warusi. Kesho mtasema na ugali.

Mama Tasnifu: Bora wewe umepuliziwa, ina maana mtu kasogea karibu. Msimamizi wangu ana sura ya pili ya tasnifu yangu tangu Ramadhani, na sasa tunaelekea Krismasi.

Fundi Koleo: Sisi sampuli zinapelekwa nje kupigwa picha kwa darubini ya elektroni. Miezi mitano. Zimerudi na jina la mtu mwingine.

Mwanzisha uzi: Jamani, turudi kwenye mada. Alivimbisha mashavu...

Mama Tasnifu: Koleo, na pesa ya kusafirisha ulilipa mfukoni?

Fundi Koleo: Mfukoni! Nimekula mihogo mwezi mzima.

Binti Kemia: Kwani huyo mzee wa funguo ndiye anayekaa na ufunguo wa choo cha ghorofa ya pili? Tumebanwa wiki nzima.

Kipanga77: Ndiye! Jana nimegonga mpaka nikakata tamaa.

Jongoo Mzee: Nendeni cha karakana, kipo wazi mpaka saa kumi.