Mbwa kutoka Kigoma hadi Ujerumani: niondoke naye, atumwe kama mzigo, au nimrudie baadaye?

MwishoWaReli (Kigoma): Wakuu, habari za jioni. Nimepata chuo Ujerumani, masomo yanaanza Oktoba. Nina mbwa jike wa kienyeji, kilo 19, nimemlea hapa Mwanga tangu mdogo. Naona njia tatu: tupande ndege moja, nitangulie kisha mjomba amtume kama mzigo, au abaki Ujiji kwa mama, nimfuate likizo. Chanjo ya kichaa cha mbwa alipata mwaka huu, chipu ya utambulisho ya chini ya ngozi bado. Ipi ina nafuu?

BintiKatubuka: Nafuu ya hela au ya roho? Mie ningemwacha kwa mama moja kwa moja. Ila najua hunisikilizi.

VetTabora: Mdogo wangu, kabla ya njia tazama kalenda. Umoja wa Ulaya hauhesabu chanjo iliyotangulia chipu, kwa hiyo ile ya mwaka huu haikusaidii. Unaanza upya: chipu ya kiwango cha kimataifa (ISO), kisha chanjo, hata siku hiyohiyo mradi chipu itangulie. Zikipita siku 30 anatolewa damu, inapelekwa maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, na kingamwili, yaani kinga aliyoijenga mwili baada ya chanjo, zifike angalau vipimo 0.5 vya kimataifa (IU) kwa mililita. Majibu yakiwa mazuri bado unangoja miezi 3 kuanzia siku ya kutoa damu, kwa sababu Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zilizosamehewa kipimo hicho. Jumla ni miezi 4 hivi kama hujakwama popote, na huku kwetu kupata chipu na kusafirisha sampuli ndiko kunakokwamisha watu. Cheti cha afya cha daktari wa serikali usikikimbilie. Ni cha mwishoni, kina siku 10 tu hadi ukaguzi wa kuingia.

MwishoWaReli: Dokta, leo ni mwisho wa Juni. Kwa hiyo ya kwanza imekufa?

VetTabora: Imekufa, labda chuo kikuruhusu kuchelewa.

MtuWaKago (Dar): Na ya pili ina mtego. Ili ahesabiwe mnyama wa familia, safari yako na yake zisipishane zaidi ya siku 5. Ukiondoka Septemba mjomba akamtuma Novemba, anaingia kwa masharti ya biashara na karatasi zinaongezeka. Hapo tafuta wakala. Ni ghali, lakini kukimbizana na kibali cha kumtoa nchini atakimbizana yeye. Kwa njia yoyote ile, kizimba kiwe cha kumtosha kusimama, kugeuka na kulala, na aanze kulala humo nyumbani wiki nyingi kabla. Dawa ya usingizi usimpe: angani inaweza kuvuruga presha na upumuaji, na mashirika mengi humkataa mnyama aliyeleweshwa.

KibiriziBoy: Si umpakate tu kwenye siti?

MtuWaKago (Dar): Kilo 19? Mashirika mengi yanayoruhusu kabini yanakomea kilo 8 hivi pamoja na begi lake. Emirates ndiyo hawataki kabisa, ukiacha mbwa wa kuongoza wasioona na mwewe wa kuwindia kwenye baadhi ya safari za Dubai na Pakistan.

KibiriziBoy: Mwewe anapanda Emirates, mimi nang'ang'ania basi la Kasulu 😂

BintiKatubuka: Mnaruka kipande kigumu, Kigoma hadi Dar. Basi makondakta watamtaka kwenye buti. Usikubali, humo ni joto na vumbi. Treni ni zaidi ya kilomita 1,200, refu mno kwa mbwa aliyefungiwa. Ndege ya ndani waulize kabla hujalipa. Mie ningechangia gari na watu, mkalala Tabora.

MwishoWaReli: Basi namwacha kwa mama, nikimfuata Desemba. Chipu na chanjo wiki hii, damu Agosti. Kipimo hakitakuwa kimeisha muda?

VetTabora: Hakirudiwi mradi chanjo za marudio zisikatike. Mama aandikiwe tarehe ukutani.

MamaMwasele: Samahani, mwanangu yuko Uingereza, masharti ni hayohayo?

VetTabora: Chipu, chanjo, damu na kungoja ni hivyohivyo, mama. Kinachoongezeka ni dawa ya minyoo ya tegu, apewe na daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia. Na kwa ndege anaingia kama kago tu, hata awe mdogo kiasi gani.