Ubao mgumu wa 162: +15/-15 au miguu yote ielekee mbele? Na baindingi laini zitatosha?

Barafu_Moto
Wakuu, salaam. Nimechukua ubao mgumu wa theluji (snowboard), urefu sm 162, wa kushukia njia zilizopigwa mashine, na theluji mpya ikipatikana. Jumamosi niko Laax, Uswisi, nao. Nimekwama kati ya mikao miwili: ule wa bata, vidole vikitazama nje, digrii +15 mguu wa mbele na -15 wa nyuma, niliouzoea kwenye ubao laini, au miguu yote ielekee mbele, tuseme +30/+15. Baindingi (vishikizo vinavyofunga buti kwenye ubao) nilizonazo ni laini. Ninunue ngumu sasa au ningoje? Upana wa mkao, yaani umbali kati ya miguu, niache sm 58?

Kisigino_Chini
Mkuu, yaliyo muhimu hujayaweka. Uzito? Buti sentimita ngapi? Kiuno cha ubao, pale palipo pembamba zaidi, kina upana gani? Matundu ya skrubu ni ya safu au ni reli? Ubao una mbele na nyuma, au pande zote sawa? Mtu wa kilo 60 na wa kilo 95 hawapewi jibu moja juu ya ubao huo huo.

Barafu_Moto
Kilo 82, buti 29, mguu wa kushoto mbele. Matundu ya safu, yameachana sm 2. Ubao una mbele na nyuma.

Kisigino_Chini
Na kiuno?

Barafu_Moto
25.6.

Mlima_Safi
Basi buti lako limeshajibu nusu ya swali. Buti la 29 kwa nje lina kama sm 31 kutoka ncha hadi kisigino. Chini ya baindingi ubao wako utakuwa na upana wa 26.4 hivi. Kwa digrii 15 buti linachukua karibu 29.9 za upana, yaani linatokeza sm 1.75 kila upande. Ukilaza ubao sana kwenye njia ngumu, buti linagusa theluji kabla ukingo haujashika vizuri, na ukingo unaachia ghafla. Kwa digrii 27 linachukua 27.6 tu, linatokeza milimita 6. Kwa ubao wenye mbele na nyuma, mimi napigia kura +27/+12.

Binti_Pwani
Taratibu, kaka. Kwanza aseme kama anashuka kinyumenyume, mguu wa kulia ukitangulia. Kama ndiyo, +27/+12 itamtesa. Pili, goti. Mtu aliyezoea tofauti ya digrii 30 kati ya miguu usimshushe hadi 15 kwa siku moja, goti la nyuma ndilo litakalolalamika. Aanze +21/-3, ashuke mara mbili tatu, kisha ageuze mguu wa nyuma kwa digrii 3, yaani jino moja la diski (ile sahani inayobana baindingi kwenye ubao) kila mara.

Mlima_Safi
Kwa -3 buti la nyuma linatokeza zaidi ya sm 2 kila upande. Tatizo umelihamishia mguu wa nyuma tu.

FundiBisibisi
Kabla ya kubishania pembe, buti liwe katikati. Fungia buti ndani ya baindingi na mikanda ikazwe, geuza ubao, pima kwa rula kutoka ukingo wa chuma hadi ncha ya buti, kisha hadi kisigino. Vipimo vilingane, au vidole vizidi kwa milimita chache. Mianya ya diski ikilala kukatisha ubao, unarekebisha vidole na kisigino. Ikilala kwa urefu wa ubao, unarekebisha upana wa mkao. Ukigeuza diski, pima upya.

Na skrubu, tafadhali. Kuna ubao uliletwa karakana, mwenyewe alipoteza skrubu mbili akanunua mbadala dukani, M6 kweli (kipenyo mm 6), lakini za urefu wa mm 20 badala ya 16. Skrubu ikagota chini ya tundu, baindingi bado inacheza, akaendelea kukaza. Upande wa chini wa ubao yakatokea mavimbe mawili ya duara, unayahisi ukipitisha kidole. Tundu moja likaachia gundi yake likawa linazunguka pamoja na skrubu, ikawa haiingii wala haitoki. Tulilazimika kukata kichwa cha skrubu, kutoboa tundu lote na kupachika jipya kwa epoksi, na hata hivyo pale pamebaki dhaifu. Skrubu fupi nayo ni hatari: hesi (mifereji ya skrubu) ya M6 ni milimita moja kwa mzunguko, kwa hiyo skrubu iingie mizunguko isiyopungua sita kabla haijakaza. Bisibisi ya nyota namba 3, siyo namba 2, inayokula vichwa. Gundi ya hesi ya majimaji usipake, kwa sababu baadhi hupasua plastiki ya baindingi.

Kisigino_Chini
58 umeitoa wapi? Soma alama za kiwandani kwenye uso wa ubao.

Barafu_Moto
Alama zinasema 56. 58 ni ya ubao wa zamani. Kinyumenyume sishuki.

Kisigino_Chini
Basi 56. Ubao mgumu unahitaji miguu iliyoachana ili uweze kuupindua kama unavyokamua nguo: mguu wa mbele unaanza kona, wa nyuma unafuata.

Mlima_Safi
Hapana, 54. Theluji inaushika ubao kwenye ncha mbili, uzito uko miguuni. Miguu ikikaribiana, uzito unaingia katikati na ubao unapinda zaidi. Kwa kilo 82 hilo analihitaji. Ila ukisogeza mguu wa mbele peke yake ndani kwa safu moja, kitovu cha mkao kinarudi nyuma sm 1. Njia ikiwa ngumu, sogeza wa nyuma badala yake.

Njia_Nyeupe
Mkitaka ubao mgumu utii, vaeni buti za plastiki. Mcheki Ester Ledecká alichukua dhahabu ya ubao kwenye Olimpiki ya Pyeongchang 2018 kwa buti hizo.

Binti_Pwani
Ule ni ubao wa mashindano, mwembamba, na pembe zake ni kubwa mno. Haulingani na huu wa 25.6. Michezo ile ile Ledecká alishinda dhahabu nyingine kwa ski, na Sabrina Simader ndiye aliyebeba bendera ya Kenya.

Njia_Nyeupe
Simader ni ski, siyo ubao. Lakini alistahili kutazamwa.

Barafu_Moto
Turudi kwenye baindingi jamani.

FundiBisibisi
Zivae nyumbani juu ya zulia. Egemea nyuma uinue ukingo wa vidole. Kiegemeo (kile kipande cha baindingi nyuma ya kifundo) kikipinda kwanza ndipo ubao uinuke, hapo nguvu yako inapotea. Zungusha kiegemeo kiwe sambamba na ukingo wa kisigino, hasa kwa pembe za mbele, kisha ongeza mwinamo kidogo tu. Ukizidisha, mapaja yatawaka moto kabla ya saa sita. Lakini buti likiwa laini, baindingi ngumu haitakusaidia: kisigino kitanyanyuka na mkanda utakubana juu ya mguu.

Mlima_Safi
Buti lina miaka mingapi?

Barafu_Moto
Misimu minne. Nitaanza na +24/+6 upana 56, niende na bisibisi mfukoni. Baindingi bado.

Kisigino_Chini
Misimu minne? Hebu kaza kamba, piga goti mbele, tuambie kisigino kinanyanyuka milimita ngapi.