Wakuu, anayeimba kwenye Walls of Jericho ya Helloween ni nani?

mkaa_majengo (Moshi): Habari za jioni wakuu. Jumamosi nilikuwa soko la Memorial natafuta jinzi za mtumba, nikamkuta jamaa ana sidii za zamani kwenye kiroba chini ya meza, nikachomoa moja ina dude la meno linabomoa ukuta, akasema buku mbili nikatoa. Walls of Jericho ya Helloween. Sasa hii bendi ya metal ya Wajerumani mi naijua kwa zile albamu zao za Keeper tu, sauti inapanda mpaka mbwa wa jirani anaitikia, ila huku mtu anakwaruza utadhani kashikwa na kifua cha mwezi wa saba. Ni bendi ileile au nimepigwa? Na mbona nyimbo nyingi hivi? Aliyefurahi ni mama tu, kaona Yeriko akajua nimeleta kwaya 😂

gitaa_chuga: Hujapigwa mkuu, umeokota. Hiyo ndo albamu yao ya kwanza, 1985, walirekodi Berlin kwa Harris Johns japo wenyewe ni watu wa Hamburg. Anayeimba ni Kai Hansen, na gitaa anapiga yeye huyohuyo pamoja na mwenzake Michael Weikath, sasa jaribu kuimba huku vidole vinakimbia spidi ile uone. Ndo maana baadae wakamchukua Michael Kiske, dogo hata 20 hajafika, akatokea kwenye Keeper ya kwanza 1987. Nyimbo ni nyingi sababu kwenye sidii wamechanganya na EP yao (rekodi fupi yenye nyimbo chache) ya mwaka huohuo na rekodi yao nyingine fupi, Judas ya 1986. Albamu yenyewe inaanzia pale kwenye Ride the Sky na intro yake.

dada_ngarenaro: Kiske anaimba kumzidi, sibishi, lakini mi Hansen wa hapa simbadilishi na mtu. Ana njaa. Sikiliza How Many Tears, ya Weikath ile, dakika saba na ushee, pale katikati wanapotulia halafu wanarudi mbio, na Ingo Schwichtenberg kwenye dramu miguu yote miwili haipumziki. Alifariki 1995 yule kaka, kila nikiisikia hiyo ngoma namkumbuka

mkaa_majengo: Asanteni sana aisee. Na huyo Gorgar wa kwenye ule wimbo wao ni jini au?

gitaa_chuga: Hahaa hapana, ni mashine ya gemu ya 1979, ile ya kupiga kagololi kasidondoke, na ilikuwa inaongea. Wimbo unamhusu jamaa kanasa hapo hela zote zinaishia kwenye mashine. Kama hawa vijana wetu na dubwi

mkaa_majengo: Basi nina mjomba wa kumpigia hiyo. Ila mama ameshasikia Ride the Sky, kaja mlangoni kaniuliza, hawa Yeriko wanaizunguka kwa bodaboda?