Mbwa aliyeokolewa kwenye biashara ya nyama: je, anaweza kulelewa Malindi?

Mkaazi wa Muyeye, Malindi

Hamjambo wenzangu. Ninaomba ushauri katika jambo lililozua mabishano nyumbani kwetu, nami nisingependa kutoa kauli kabla ya kulielewa vizuri. Mdogo wangu anaishi Toronto, nchini Kanada, na kwa muda sasa amekuwa akiwasiliana na shirika linalowatafutia makao mbwa waliotolewa katika mashamba ya Korea Kusini, ambako walifugwa ili wachinjwe na nyama yao iuzwe. Ameonyeshwa mbwa jike wa rangi ya manjano, mwenye umri wa miaka mitatu hivi, na ameombwa ajaze fomu ya kumchukua. Kinachotutatiza ni kwamba yeye mwenyewe anapanga kurudi nyumbani moja kwa moja mwakani, na anasema akishamchukua mbwa huyo hatamwacha nyuma, atakuja naye.

Picha aliyonitumia imenikaa moyoni. Mbwa amesimama ndani ya kizimba cha waya kilichoinuliwa juu ya ardhi, na sakafu yenyewe ni waya vilevile, hata vidole vya miguu yake vimetanuka kwa namna ambayo sijapata kuiona kwa mbwa wa kwetu. Mama aliitazama, akasikitika sana, kisha akasema kwamba huruma anayo, lakini mbwa haingii nyumbani mwake. Sisi ni Waislamu, ua wetu ni mpana, wageni huingia na kutoka mchana kutwa, na wajukuu hucheza hapo hapo.

Ningependa wenye ujuzi wanieleze mbwa hawa huokolewaje na kwa nini wapelekwe mbali namna hiyo, badala ya kupewa watu wa huko huko. Je, mbwa aliyekulia kizimbani anaweza kuzoea maisha ya nyumba ya Malindi? Na kwa upande wa dini, tumjibu nini mama bila ya kumkosea adabu?

Aliyesoma Seoul, sasa yuko Lamu

Ndugu yangu, niliishi Korea Kusini wakati wa masomo yangu, na nitakueleza ninayoyafahamu. Kwanza ningeomba tusiwahukumu Wakorea wote kwa jambo hili, kwa sababu watu wengi wa huko, hasa vijana, hawali nyama ya mbwa, wanafuga mbwa majumbani mwao, na ndio waliopaza sauti hadi sheria ikabadilishwa. Mnamo tarehe 9 Januari 2024 bunge lao lilipitisha sheria ya kukomesha biashara hiyo kwa kura 208, wala hakuna mbunge hata mmoja aliyeipinga. Kuanzia Februari 2027, mwenye kumchinja mbwa kwa ajili ya nyama anaweza kufungwa hadi miaka mitatu au kutozwa faini ya hadi won milioni 30, na mwenye kumfuga au kumuuza kwa kusudi hilo anaweza kufungwa hadi miaka miwili. Mlaji hakuwekewa adhabu. Sheria imewalenga wafugaji, wachinjaji na wauzaji, ambao wamepewa muda wa kubadilisha kazi na fidia ya serikali.

Hapo ndipo lilipozuka swali lako la makao. Serikali yenyewe ilikadiria kwamba mashambani mlikuwa na mbwa wapatao 466,000, na nyumba za kuwapokea wote hao haziko. Mashirika ya kutetea wanyama yalianza kazi hii kabla ya sheria. Shirika lililokuwa likiitwa Humane Society International, ambalo tangu 2025 linaitwa Humane World for Animals, lilianza mwaka 2015 kufanya mapatano na wafugaji waliochoshwa na kazi hiyo. Mfugaji hufunga shamba na kutia saini kwamba hatarudi nyuma, husaidiwa kuanzisha riziki nyingine, kama vile kilimo cha mboga, na mbwa wote huondoka pamoja. Kwa njia hiyo wamehamishwa zaidi ya mbwa 2,500. Naiona ni njia yenye busara kuliko kumnunua mbwa mmoja mmoja sokoni, kwa sababu mwenye kununua anamwachia muuzaji fedha za kuleta mwingine.

Wanapelekwa mbali kwa sababu ya ukubwa wao. Mbwa wa mashamba hayo ni wakubwa, wengi wao ni wa aina ziitwazo tosa na jindo au ni chotara wa manjano, ilhali watu wa Seoul wanaishi katika ghorofa zenye vyumba vidogo na wanapenda mbwa wa kupakatwa. Tosa, zaidi ya hayo, amewekwa na sheria ya huko katika kundi la mbwa wakali, kwa hiyo mwenye kumtaka lazima aombe kibali maalumu. Kanada, Marekani na Uingereza zina nyumba zenye nyua na watu waliozoea mbwa wakubwa, na ndiyo maana ndugu yako ameonyeshwa mbwa huyo akiwa Toronto.

Sitaki kukuficha ugumu wa kumlea. Niliwahi kujitolea katika makao ya mbwa nje ya Seoul, na kulikuwa na mmoja ambaye kila alipowekewa chakula alijibanza pembeni, akikutazama mikono tu, hali njaa anayo. Ukigeuza mgongo unasikia bakuli likigongagonga sakafu kwa pupa, na ukigeuka tena amekwisha kurudi kwenye pembe yake. Hawajui ngazi, hawajui majani, hawajui kufungwa kamba shingoni. Mwenye kumpokea huambiwa amvishe ukosi wa shingoni na mshipi wa kifuani kwa pamoja, kila kimoja na kamba yake, kwa sababu mbwa aliyeshtuka huweza kujichomoa na kukimbia katika mji asioujua. Wengi hutulia baada ya miezi, na wako ambao hubaki na woga maisha yao yote.

Daktari wa mifugo, Kilifi

Nimeyasoma maelezo ya mwenzetu na ninakubaliana nayo. Mimi nitazungumzia afya na safari.

Biashara ya nyama ya mbwa hueneza maradhi popote ilipo, kwa kuwa mbwa wasiojulikana wametoka wapi hukusanywa, husafirishwa wakiwa wamebanana, na huchinjwa na watu wasiokuwa na kinga yoyote. Watafiti nchini Nigeria wamekuta virusi vya kichaa cha mbwa katika bongo za mbwa waliochinjwa sokoni, na hebu tafakarini hali ya mchinjaji anayeushika ubongo huo kwa mikono mitupu. Kwa sababu ya hofu hiyo hiyo, tangu tarehe 28 Septemba 2022 Kanada imezuia mbwa wa kibiashara kutoka nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, na katika hesabu yao mbwa wanaoletwa ili wagawiwe walezi wapya huhesabiwa ni wa kibiashara pia. Vietnam imo katika orodha hiyo, na Kenya yetu imo. Korea Kusini haimo, ndiyo maana mbwa wake bado wanapokelewa.

Kumleta mbwa huyo Malindi kunawezekana. Ndugu yako atahitaji kibali cha kuingiza mnyama kutoka Kurugenzi ya Huduma za Mifugo iliyoko Kabete, cheti cha afya kutoka mamlaka ya Kanada, na uthibitisho wa chanjo ya kichaa cha mbwa iliyotolewa mapema kabla ya safari, pamoja na chipu ya utambulisho chini ya ngozi inayolingana na hati zote. Karatasi zinafuatilika. Wasiwasi wangu uko kwa mbwa mwenyewe. Huyu ametolewa kizimbani akavushwa bahari, atahitaji mwaka mzima wa kuzoea nyumba moja na sauti ya mtu mmoja, halafu afungiwe tena ndani ya sanduku, apakiwe kama mzigo kwa saa nyingi, na ashushwe katika joto la Malindi akiwa na manyoya mazito ya baridi ya Korea. Huko Muyeye atakuta kupe, ambao hapa pwani husababisha homa inayoua mbwa wageni kwa haraka, na atakuta pikipiki, muziki wa arusi na watoto wanaokimbia. Mbwa mwenye woga huuma kwa sababu ya woga, na wajukuu ndio watakaokuwa karibu naye kuliko watu wote.

Jambo jingine la kuuliza ni kama amepimwa minyoo ya moyo. Minyoo hiyo huenezwa na mbu na huonekana mara kwa mara katika mbwa wa mashamba ya Korea. Matibabu yake ni sindano zinazochukua miezi, na muda wote huo mbwa hukatazwa kukimbia, kwa sababu minyoo iliyokufa huweza kuziba mishipa ya mapafu. Shirika la kweli litampa ndugu yako majibu ya vipimo kwa maandishi. Likikwepa swali, na aachane nalo.

Maalim, Lamu

Assalamu alaykum. Nitajibu kuhusu mama, kwa sababu swali hili tunaulizwa hata hapa Lamu, japo mji wetu ni wa paka na punda zaidi.

Mama hakukosea. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yetu watu wa pwani, mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa na mate yake au na mwili wake ulio majimaji huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kikavu kwa kikavu hakihamishi najisi, lakini katika ua wenye watoto na ndoo za maji ni vigumu kulinda mpaka huo kila saa, kwa hiyo anayoyasema mama yana msingi wa dini na wa uzoefu wa nyumba. Madhehebu ya Imamu Malik yanamhesabu mbwa kuwa tohara, na ninalitaja hilo ili mjue kwamba wanavyuoni wamekhitalifiana, si ili mlitumie kumshinda mzazi katika mabishano.

Pamoja na hayo, tohara ni mlango mmoja na rehema ni mlango mwingine. Hadithi sahihi inasimulia habari za mtu aliyeteremka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Masahaba walipouliza kama wana thawabu kwa ajili ya wanyama, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaambia kwamba kuna thawabu kwa kila kiumbe chenye ini bichi, yaani kila chenye uhai. Kufuga mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba kumeruhusiwa kwa hadithi, na wanavyuoni wengi wa madhehebu yetu wamemlinganisha na hao mbwa wa kulinda nyumba. Mwekeeni mahali pake nje, chombo chake cha maji na kivuli chake, na mama aulizwe mwanzo, asije akapewa habari wakati mbwa yuko njiani.

Mwenyeji wa Watamu

Mimi nina neno moja. Kila mwaka msimu wa wageni unapokwisha na mvua za masika zikaanza, baadhi ya nyumba na hoteli za ufukweni hufungwa, na mbwa waliokuwa wakilishwa na wageni hubaki wakizurura kutoka Watamu hadi Casuarina, mbavu nje. Hawa hakuna anayewala, lakini hufa kwa sumu na kwa njaa, na hakuna fomu inayojazwa kwa ajili yao. Simlaumu mdogo wako. Ila kama lengo ni kumsaidia mbwa wa Korea, kuna njia isiyohitaji ndege ya pili: awe mlezi wa muda. Mashirika hayo huhitaji sana watu wa kumkalisha mbwa nyumbani kwa miezi kadhaa, wamfundishe kamba na ngazi, mpaka apatikane wa kumchukua moja kwa moja. Mbwa aliyetulia hupata nyumba upesi kuliko yule ambaye bado anajificha chini ya kitanda. Kisha mdogo wako akirudi, aje achukue mbwa koko wa hapa, ambaye joto na kupe ameyazoea tangu kuzaliwa.

Mkaazi wa Muyeye, Malindi

Ninawashukuru nyote, na maalim Mungu akuzidishie. Nimemsomea mdogo wangu majibu haya kwa simu, la daktari nikamsomea mara mbili. Alinyamaza kidogo, kisha akakubali kwamba hakuwa ameifikiria safari ya pili kwa upande wa mbwa. Amewaandikia wale watu wa shirika akiomba awe mlezi wa muda wa huyo jike wa manjano hadi apate nyumba huko huko Kanada, na ameomba pia majibu ya kipimo cha minyoo ya moyo. Mama naye amesema mbwa wa kulinda lango, atakayelala nje na kuwa na chombo chake, hana neno naye. Daktari, kama tutapata mtoto wa mbwa koko, chanjo ya kichaa cha mbwa tumpe akiwa na umri gani?

Daktari wa mifugo, Kilifi

Mpeni akiwa na miezi mitatu, mrudie baada ya mwaka mmoja, na mkitunze cheti. Chanjo za maradhi mengine huanza mapema zaidi, wiki ya sita hadi ya nane, kwa hiyo mleteni mara tu mnapompata nimpe na dawa ya minyoo. Kama ni jike, tupange pia kumfunga kizazi kabla hajaanza kutaka dume kwa mara ya kwanza, asije akaongeza idadi ya wale wa ufukweni. Na wajukuu wafundishwe tangu sasa kwamba akiwauma au akiwaparura, hata kidogo, waseme papo hapo. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha waende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa amechanjwa.