MREJESHO: Ule uchovu usioisha hata nikilala

Ndugu zangu, ni mimi muuguzi wa wodi ya wazazi niliyewauliza kwa nini nalala masaa manane na bado naamka hoi, na kwa nini mama akilia uchungu nakereka badala ya kumshika mkono.

Nilipima. Malaria hamna, damu iko sawa. Daktari akaniuliza, "Likizo ya mwisho ulienda lini?" Nikahesabu: miaka mitatu. Akanieleza kuwa Shirika la Afya Duniani, kwenye ICD-11 ya mwaka 2019, yaani orodha yake ya magonjwa na hali za kiafya, halikuiita hali hii (burnout) ugonjwa bali matokeo ya msongo wa kazi wa muda mrefu: nguvu kuisha, moyo kuikataa kazi, kujiona hufanyi la maana. Yote matatu ninayo, jamani.

Nikadai siku zangu 28. Wiki ya kwanza nililala na kulia tu. Ya tatu nilikuwa kijijini nachambua mchele na bibi, nikashtukia nacheka.

Zamu za usiku mfululizo matroni kazipunguza, kutoka nne hadi mbili. Juzi mama mmoja alinikamata mkono leba, kucha zikaniingia. Sikuutoa mpaka mtoto akalia.

Asanteni sana mlionisukuma nikapime.