Jina la binti kutoka vijiji vya Uingereza

Swali: Tunaishi Norfolk, mashariki mwa Uingereza, na tunatarajia mtoto wa kike. Ni kijiji gani cha huku ambacho jina lake lingemfaa?

Jibu la kwanza: Hongera, dada. Fikirieni Kimberley, kijiji cha Norfolk hiyohiyo. Lord Kimberley, waziri wa makoloni wa Uingereza wakati huo, alichukua jina la cheo chake hapo, na mwaka 1873 mji wa almasi wa Afrika Kusini ukaitwa kwa heshima yake. Mji huo ulipozingirwa katika vita vya Waingereza na Makaburu, jina likavuma na wazazi wakaanza kuwapa watoto, kwanza wavulana, baadaye zaidi wasichana.

Jibu la pili: Mimi napendelea Kersey, kijiji cha Suffolk, jirani na Norfolk, kinachohusishwa na kitambaa cha sufu, kwa kuwa ni jina fupi na bibi yake atalitamka bila taabu.