MJADALA: Boti yenye abiria hawajavaa laifujaketi izuiwe gatini ama iachwe tu iende?

Jirani wa Dunga
Watu wa Ziwa Victoria hamjambo. Nauliza hii kitu kwa sababu wiki jana nilitoka Mbita naenda Mfangano na boti ya mbao, injini moja nyuma, tukajazwa pamoja na magunia ya unga, kreti za soda, kuku na pikipiki mbili. Laifujaketi zilikuwepo, sitadanganya, zimefungwa kamba pamoja huko mbele chini ya turubai, na nilipoanza kuvuta moja kijana wa boti akaniambia mkubwa wacha hizo zitalowa. Ati zitalowa! Tukaona boti ya askari kwa mbali, hapo zikarushwa kila upande kama mitumba ya Kibuye, vaa vaa haraka, askari wakapita, zikarudi chini ya turubai. Sasa kuna wenye wanasema boti kama hiyo isitoke kabisa, nahodha na abiria wote wapigwe faini, na kuna wenye wanasema ukizuia boti mtu wa kisiwa atafika aje hosi ama soko. Mimi nasema izuiwe. Haya semeni.

Nahodha Mstaafu Kidogo
Wewe ni mgeni, nimekujua kwa hiyo swali. Laifujaketi tunanunua sisi na mfuko wetu, abiria anashuka nayo anaenda kuikalia kwa boda, mwingine ukimwambia vaa anakuambia inanuka samaki, mwingine ati hii ilivuliwa maiti. Halafu huyo askari unataka azuie boti, si ndio huyo huyo atapewa ya chai boti itoke? Hapo umezuia nini, umeongeza tu nauli.

Mama Omena
Nyinyi mnaongeanga tu juu ya abiria wa mchana. Vijana wetu wa omena wanatoka usiku, tena ule usiku hakuna mwezi ndio taa ivute samaki, na usiku ndio ziwa lina hasira. Mchana nchi kavu inashika joto upepo unatoka majini, usiku unageuka, unatoka pande zote unakutana huko katikati, ndio unasikia radi saa tisa na huku nyumbani ni kukavu kabisa. Utabiri wa ziwa hutolewa siku hizi lakini mwenye boti hapati kitu boti ikilala, na kijana hana sauti ya kukataa. Na ile jaketi nono huwezi vuta nyavu nayo, kwa hivyo wanaikalia. Nimeshaenda matanga ya hivyo mara mbili, sitaki kuongea sana.

Wa Nakuru Section 58
Sisi huku tuliona hii sinema na matatu. Sheria za Michuki, yule waziri wa uchukuzi, 2004, mikanda kila kiti, watu kumi na wanne basi, na siku za kwanza ilishika vizuri kwa sababu gari bila hizo vitu ilikuwa haitoki steji. Walipolegea tu mikanda ikageuka uchafu wa kupaka shati, na mwenye alikuwa anazidishwa kwa kiti ni mimi na wewe, tunasonga tu bila kuulizana. Kwa hivyo Jirani, zuia, lakini uzuie kila siku, si siku ya operesheni.

Mwalimu wa Port Victoria
Mnapigania jaketi na jaketi ni ya pili. Ya kwanza ni kuhesabu. MV Bukoba ilizama hapo karibu na Mwanza 21 Mei 1996, meli ya abiria 430, na karatasi ilikuwa na majina 443 ya daraja la kwanza na la pili peke yake, daraja la tatu hakukuwa na orodha hata moja! Maskini hawakuandikwa, ndio maana mpaka leo hesabu ya waliokufa inabishaniwa. Feri ya MV Nyerere huko kisiwa cha Ukara 20 Septemba 2018, ilikuwa ya watu 101 na waliokufa ni zaidi ya 220, karibu kabisa na gati. Msiseme ni Tanzania tu, feri ya Mtongwe kule Mombasa 29 Aprili 1994 tulipoteza watu 272, na ufuo ulikuwa unaonekana. Karibu na nchi kavu hivyo watu wakisimama upande mmoja kutaka kushuka, chombo kimezidiwa, kinalala.

Na jaketi zenyewe mnazipima na nani? New York 1904 meli ya General Slocum ilishika moto, watu zaidi ya 1,000 wakafa, jaketi zilikuwemo nyingi tu, ila koki ndani, lile gome jepesi la kuelea, ilikuwa imeoza na waliovaa wakazama nayo. Hizo za turubai za Jirani nazo nani amewahi kuzitia maji?

Nahodha Mstaafu Kidogo
Mwalimu hapo kwa kuzidisha umenigusa, sitabisha. Siku ya soko mtu anaruka ndani boti ikiwa ishasukumwa, utamtupa majini?

Jirani wa Dunga
Mwalimu amenisogeza. Basi nabadilisha, isizuiwe kwa jaketi peke yake. Boti iandikwe ubavuni namba kubwa ya watu inabeba, karani wa BMU, kile kikundi cha kusimamia ufuo, asimame na daftari, ahesabu vichwa, majina yabaki kwa ufuo, ikizidi mmoja haitoki hata kama ni mheshimiwa. Daftari haina gharama ya injini. Jaketi ivaliwe kabla kamba kufunguliwa, si askari wakionekana. (Na hiyo ya kulowa bado inanichekesha na inaniuma.)

Mama Omena
Na karani akiwa shemeji ya mwenye boti?

Jirani wa Dunga
Mama hapo umenikamata. Wawe wawili, mmoja wa upande wa kisiwa.

Nahodha Mstaafu Kidogo
Sawa, ya kuhesabu nakubali. Lakini niambieni kitu kimoja, mtoto wa kupakatwa mnamhesabu mtu ama mzigo? Kwa sababu hapa kwetu mtoto halipi, na mwenye hajalipa hakuna mtu humhesabu, na jaketi ya saizi yake mimi sijawahi kuona kwa boti yoyote.